Wasomaji Wangu wa Riyadh na Jeddah

Mwenye ukurasa Facebook hupewa orodha ya miji wanakoishi wasomaji wake. Orodha yangu ilianza kwa miji niliyoitarajia: Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa. Wa nne ulikuwa Riyadh na wa tano Jeddah. Tanga, Kisumu na Arusha zote zilikuja nyuma ya hiyo miwili. Mimi huandika hadithi za Kiswahili za mambo ya kwetu: ndugu wanaogombea nyumba ya urithi, mashemeji, wapangaji na wenye nyumba wao. Nikawa najiuliza, mtu aliye Riyadh anazitakia nini hadithi za Majengo na Kisauni? Tena anazisoma saa nane za usiku, maana saa za Riyadh na za Mombasa ni zile zile, na orodha ile huonyesha hata wakati watu wanaposoma.

Basi Mungu aliponijalia fedha za umra, nilifunga safari kwa haja mbili. Ya kwanza ni ibada, na hiyo ni baina yangu na Mola wangu. Ya pili ni kuwaona wasomaji hao kwa macho. Mdogo wangu ni muuguzi Riyadh, anaishi huko na mumewe, na viza ya umra siku hizi inamruhusu mgeni kuzunguka ufalme mzima, si Makka na Madina pekee.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika uandishi, kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyonifikisha Saudia. Nilianza na taipureta kuukuu ambayo marehemu baba, aliyekuwa karani Kilindini, aliinunua ofisi yao ilipokuwa ikiuza vitu vyake. Nilipiga mswada mzima kwa vidole viwili, nikautia kwenye bahasha na kuupeleka kwa mchapishaji mmoja. Ulikaa huko hadi nikaolewa na kuzaa. Uliporudi ulikuwa na barua ya mistari miwili: riwaya ya Kiswahili haiuziki isipokuwa ikiteuliwa kusomwa shuleni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo wake ulikuwa mtaala.

Kisha zikaja saiba. Pale Digo Road tulilipa kwa dakika, na kwa kuwa mawasiliano yalipitia setilaiti, ukurasa mmoja ulifunguka polepole hadi ukashangaa pesa zimekwenda wapi. Hata hivyo, humo ndimo nilimowasoma Watanzania waliotutangulia. Ndesanjo Macha alikuwa na ukurasa wake akiuita Jikomboe, na mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianza wake Septemba 2005. Niliona kwamba mtu anaweza kuandika Kiswahili asubuhi na kusomwa mchana bila kusubiri barua ya mtu yeyote.

Juni 2009 waya wa chini ya bahari uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata ukaja SEACOM. Intaneti yetu ya kasi ilitufikia kutoka Ghuba, kwa njia ile ile iliyoleta majahazi ya kaskazi na tende na mazulia. Bei za saiba zikashuka, na baada ya miaka michache saiba zenyewe zikafungwa, kwa sababu kila mtu alikuwa na intaneti mfukoni. Nikaanza kuandika hadithi kwa simu, sehemu baada ya sehemu, kila moja ikiishia kwa neno "itaendelea". Na kwa kuwa M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, msomaji aliyetaka sehemu inayofuata haraka aliweza kunitumia shilingi hamsini papo hapo. Sikuwa na mhariri wala duka la vitabu. Nilikuwa na wasomaji, na wengine kati yao, kumbe, walikuwa Riyadh.

Ndege iliondoka Nairobi usiku. Karibu na mikati rubani alitangaza, wanaume waliokuwa wamevaa ihramu wakatia nia, na sauti za talbia zikajaa ndani ya ndege. Uwanja wa Jeddah una tangi la samaki kubwa kama nyumba, na mahujaji wote husimama kulipiga picha. Mimi nilisimama kwenye kibanda cha laini za simu. Kijana alichukua pasipoti yangu, akaniambia niweke kidole kwenye kioo. Saudia huuziwi laini bila alama ya kidole. Nilitoka pale na mtandao wa kasi ambayo sijawahi kuiona Mombasa, na nikijua kwamba kila neno nitakaloandika katika nchi ile lina kidole changu juu yake.

Kibali cha umra nilikichukua kwa programu ya Nusuk, ikanipa siku na saa. Kutoka uwanjani nilipanda treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria 2018, ambayo hukimbia hadi kilomita 300 kwa saa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia mahujaji wa zamani waliotoka Jeddah hadi Makka juu ya ngamia. Sikuwahi hata kumaliza kikombe cha kahawa. Ya Makka ni ya ibada, nayaacha hapo.

Riyadh nilifika kwa ndege. Mdogo wangu alikuja kunipokea akiendesha gari mwenyewe, jambo ambalo kabla ya Juni 2018 lisingewezekana kwa mwanamke.

"Karibu, dada. Usishangae jua," aliniambia. "Hapa hakuna bahari ya kulipoza."

Kweli, Riyadh ni bara tupu, mji wa jangwa uliopanda juu ya tambarare. Barabara ni pana kiasi kwamba mtu wa Mji wa Kale hupata kizunguzungu. Jengo la Kingdom Centre lina urefu wa mita 302 na tundu kubwa kileleni, na usiku huliona kutoka kila upande. Katikati ya yote hayo ipo ngome ya udongo ya Masmak, ambayo Abdulaziz Al Saud aliiteka 1902, na kutoka hapo dola ya leo ikaanza.

Shemeji yangu, ambaye amekaa huko zaidi ya mke wake, alinipa historia ya intaneti ya Saudia tukiwa mezani. Raia wa kawaida waliruhusiwa kuitumia mwaka 1999. Simu zenye kamera zilipigwa marufuku 2002, na marufuku ikaondolewa mwisho wa 2004. Kupiga simu kupitia intaneti kuliruhusiwa Septemba 2017. Kabla ya hapo kuzungumza na mama Kenya kulikula mshahara. "Wakati ule tulikuwa tunaandika sana," alisema, "maana kuandika ndiko kulikokuwa rahisi. Watu wamejifunza kutunga kwa kukosa pesa za kupiga."

Ijumaa tulikwenda mtaa wa Batha. Tulipanda metro, iliyofunguliwa Desemba 2024: njia 6, kilomita 176, stesheni 85, na treni hazina dereva. Nauli ni riyali 4 kwa saa mbili, na wanawake na watoto wana sehemu yao ya familia. Ukitoka juu ya ardhi Batha unakuta Riyadh nyingine. Wafanyakazi wa kigeni hukutana hapo siku ya mapumziko, na mabango yameandikwa Kiurdu, Kibengali, Kimalayalam na Kiamhari. Wanauza simu, wanatengeneza simu, wanatuma fedha kwao. Katika kila kona mtu amesimama ameielekezea kamera ya simu uso wake, anazungumza na watu wa nyumbani kwake. Nilisikia Kiganda, nikasikia Kiswahili cha Magharibi mwa Kenya, na kijana mmoja alikuwa akimwuliza mtu kwa sauti ya lawama pesa za mabati zimefanya nini.

Jioni ile mdogo wangu alikuwa amealika mgeni. Alikuwa msichana wa Kilifi, anafanya kazi katika nyumba moja kaskazini ya mji, wenyewe husema shagala. Siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa. Alinisalimu, akakaa, kisha akacheka.

"Dada, mimi ndiye yule wa 'leta nyingine'."

Nilimjua papo hapo. Kila nilipoweka sehemu ya hadithi, jina lake la mtandaoni ndilo lililotangulia, na maneno yake ni hayo hayo mawili. Saa nane za usiku ni saa anayomaliza kuosha vyombo, kuoga na kulala chali na simu yake.

Nikamuuliza kwa nini hadithi za Mombasa. Akasema kwamba mchana kutwa anasikia Kiarabu, anajibu kwa Kiarabu, hata ndoto zimeanza kuja kwa Kiarabu, na hadithi ya Kiswahili ndiyo inayomrudishia mdomo wake. Kisha, kwa aibu kidogo, akatoa simu yake na kuniambia, "Na mimi naandika."

Alikuwa ameanza katika nyumba ya kwanza, ambako simu yake ilikaa kwenye droo ya mwenye nyumba. Alipewa Ijumaa, saa moja, ampigie mama yake. "Kwa hiyo nilikuwa natunga kichwani wiki nzima, halafu ile saa moja namsimulia mama nusu saa, nusu saa naandika." Nyumba ya pili wana roho nzuri, simu ni yake, na hapo ndipo uandishi ulipoanza kushika. Lakini mikono yake haina nafasi. Pia simu yake ilikuwa ikimgombanisha na Kiswahili: akiandika "kama" inageuza "karma", akiandika "jana" inamwekea "Jane". Kilichomwokoa ni kuandika kwa sauti. Google iliongeza Kiswahili katika huduma hiyo Agosti 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine nyingi. Sasa huiweka simu juu ya kabati, akapiga pasi huku anasimulia, na maneno yanajipanga yenyewe. Usiku anasahihisha, anaweka nukta, anagawa aya.

"Watoto wa nyumba wameshazoea," alisema. "Wanadhani nazungumza na mama."

Sehemu zake huziweka kwenye kundi la WhatsApp. Wasomaji wake ni mashagala wenzake, madereva, wauguzi, na wanawake wa Kilifi na Malindi. Anayetaka hadithi nzima hulipa kwa M-Pesa, na pesa huingia kwenye laini ya mama yake. Alinionyesha hadithi yenyewe na nikaisoma hadi mwisho, chai ikapoa. Inahusu msichana wa kazi na bibi mwenye nyumba ambaye hahesabu siku za kupumzika, hufunga friji kwa kufuli na kumwita kwa kupiga makofi. Lakini haikutokea Riyadh. Ameiweka Nyali, Mombasa, kwa tajiri wa Kiafrika mwenye bustani na mbwa.

Nilimuuliza sababu. Akanionyesha kidole chake cha gumba, kile alichokibonyeza kwenye kioo aliponunua laini. Sikuhitaji maelezo zaidi. Sheria ya makosa ya mtandao ya Saudia, ya mwaka 2007, inatoa hadi kifungo cha miaka 5 na faini ya hadi riyali milioni 3 kwa maandishi yanayohesabiwa kuvuruga utulivu, maadili au faragha. Msichana mwenye ikama (kibali cha ukaazi) iliyofungwa kwa jina la mwajiri hana haja ya kufika huko. Yeye hofu yake ni tikiti ya kurudi kabla hajamaliza kulipa ada ya mdogo wake.

Matokeo ya hofu hiyo yalimshangaza mwenyewe. Hadithi ilipozunguka, wanawake wa Mombasa na Nairobi walianza kumtukana kundini. Walidai amewasema wao. Mmoja alimwuliza nani amempelekea habari za nyumba yake. "Dada, wallahi mimi nilikuwa nasema habari za huku," aliniambia huku anafuta machozi ya kicheko. "Kumbe kwetu pia tupo hivyo hivyo."

Mashirika makubwa yameshaandika mengi juu ya nyumba za waajiri kama hizi. Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kenya wanaofanya kazi za nyumbani Saudia, na ni ripoti nzito. Lakini ripoti ile haikumfanya bibi wa Nyali alitazame friji lake. Hadithi ya msichana wa Kilifi imemfanya. Hapo nilitambua kwamba nimekuja kumwona msomaji, nimekutana na mwandishi.

Nilimsimulia habari za Rajaa al-Sanea, binti wa Riyadh aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 2005 alichapisha Beirut riwaya yake ya Banat al-Riyadh, ambamo msimuliaji asiyejulikana hutuma barua pepe kila Ijumaa kwa kundi lake la mtandaoni akifichua maisha ya wasichana wanne. Nchini kwake kitabu kilizuiwa mwanzoni, lakini kilisomwa kila mahali na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Yeye alikuwa na mji wake. Mimi hapa ni mgeni na kazi ni ya mtu." Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwenda Jeddah nilichagua basi, ili nione nchi. Ni kilomita 950 hivi za jangwa, milima ya mawe, vituo vya mafuta vyenye misikiti safi, na ngamia nyuma ya nyua za waya. Abiria karibu wote walikuwa wafanyakazi, na karibu wote walikuwa wamevaa spika za masikioni. Jirani yangu alikuwa Mganda, mlinzi wa ghala. Alikuwa akisikiliza simulizi ya Kiswahili kutoka Tanzania, sehemu ya arobaini na kitu, na alipojua naandika alinisihi nisiwe kama wale wanaoachia hadithi njiani. Baada ya Taif milima huvunjika ghafla kuelekea bahari, hewa ikawa nzito, na nilipoteremka Jeddah usiku nguo zilinigandia mwilini kama niko Likoni. Nilifurahi.

Jeddah ya zamani, Al-Balad, itamfanya mtu wa Lamu au Unguja asimame. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa baharini, milango ni ya mbao za kuchonga, na madirisha marefu ya mbao, rawashin, yametokeza juu ya vichochoro. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia 2014, baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, 2000, na Lamu, 2001. Mbele ya Bait Nassif, jumba lililojengwa kati ya 1872 na 1881, umesimama mti mkubwa ambao zamani ulikuwa ukitumika kumwelekeza mgeni, kwa uchache wa miti mjini. Ni mwarobaini. Katika jumba hilo ndimo Mfalme Abdulaziz alimofikia alipoingia Jeddah mwishoni mwa 1925, na mwenye nyumba alikuwa na maelfu ya vitabu, ambavyo baadaye vilikwenda Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz. Enzi hizo aliyetaka kuvisoma alilazimika kufika jumbani.

Aliyenitembeza huko ni mzee wa Kibokoni, Mombasa, rafiki wa marehemu baba, aliyefika Jeddah miaka ya 1970 fedha za mafuta zilipoanza kujenga bandari. Alinisubiri chini ya mwarobaini na bakora yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Umefanana na babako, lakini yeye hakuwa akitembea polepole hivyo."

Huyu alikuwa msomaji wangu pia, tena mkali, hanisamehe nikichanganya ngeli. Yeye hutunga tenzi. Alipofika Jeddah barua zilichukua wiki nyingi, na wengi wa wenzake hawakuweza kuandika, kwa hiyo walitumia kaseti. Waliketi chumbani wakazungumza dakika tisini, pande mbili, wakampa mtu anayerudi nyumbani, na mtaa mzima ukakusanyika Kibokoni kusikiliza. Utenzi wake wa kwanza ulisafiri hivyo. "Sisi tulikuwa tukichapisha kwa mdomo," alisema.

Leo anaandika kwa simu, na kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni. Ndivyo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alivyoandika Kiswahili katika Sahifa mwaka 1930, gazeti dogo la Mombasa. Tatizo lilikuwa kibodi: ya Kiarabu haina p wala ch. Mjukuu wake alimwonyesha kwamba kibodi ya Kiajemi inazo zote mbili. Tangu siku hiyo mzee wa miaka themanini na ushei anatuma beti zake Lamu kwa maandishi ambayo wengi wetu tunadhani yamekwisha, na huko binamu zake wanamjibu kwa maandishi hayo hayo.

Lakini alikuwa na huzuni moja. Alikuwa ametunga utenzi mrefu wa maisha ya Waswahili wa Jeddah: bandarini, misimu ya hija, mazishi ya ugenini, watoto wasiojua kwao. Simu ikaharibika, namba ikabadilishwa, mazungumzo yote ya WhatsApp yakapotea. Kaseti nazo zilishaharibika kwa joto miaka mingi nyuma. Kilichobaki ni beti chache ambazo binamu mmoja wa Lamu alikuwa na ada ya kuzinakili kwenye daftari la shule kwa kalamu. Nilikumbuka mswada wa Utenzi wa Tambuka ulioko Hamburg, unaotajwa kuwa wa mwaka 1728. Karibu karne tatu, na unasomeka. Wa ami yangu haukumaliza hata maisha ya simu moja.

Jioni tulikaa Corniche. Chemchemi ya Mfalme Fahd ilikuwa ikirusha maji ya bahari zaidi ya mita 200 juu, na familia zimetandika mikeka, birika za kahawa ya iliki katikati. Mzee alinionyesha bahari kwa bakora. Nyaya nyingi za mawasiliano ya dunia zinapita humo au zinapanda nchi kavu Jeddah. Mapema 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, ukiwemo SEACOM wetu. Septemba 2025 zikakatika nyingine mbili, SMW4 na IMEWE, karibu na Jeddah yenyewe, na intaneti ikapungua kasi Pakistani, India na Falme za Kiarabu. Hadithi na tenzi zetu husafiri chini ya maji hayo pamoja na biashara ya mabenki.

Jeddah pia ni mji wa Fouad al-Farhan, aliyekamatwa Desemba 2007 kwa aliyoyaandika mtandaoni na kuachiwa Aprili 2008. Ni hapo Raif Badawi, naye mwandishi wa mtandaoni, alipochapwa viboko 50 hadharani Januari 2015, sehemu ya hukumu ya viboko 1,000 na kifungo cha miaka 10. Alitoka gerezani Machi 2022. Ami aliyajua yote hayo. Aliniambia neno moja tu juu ya hayo: yeye akitaka kulalamika huilalamikia bahari, kwa sababu haina kesi.

Nimerudi Mombasa na hukumu yangu ni hii. Teknolojia imeondoa mchapishaji mlangoni, na mtu aliyeshika pasi mkononi anaweza leo kuwa mwandishi kabla nguo hazijakauka. Jambo hilo mimi nimeliona, nalo ni kubwa. Lakini imeweka walinzi wengine: mwenye droo, mwenye sheria, mwenye kampuni ya mtandao, na simu yenyewe inayokufa. Mchapishaji wa zamani alikataa mswada akakurudishia karatasi zako. Simu ikifa hairudishi kitu.

Hadithi ya bibi wa Nyali sasa imepigwa chapa kwenye karatasi. Nakala moja iko kwa mama yake mwandishi Kilifi, nyingine kabatini kwangu. Beti za ami zilizosalia nimezipiga picha kutoka kwenye daftari la Lamu. Ni kazi ndogo, na kila mmoja wetu mwenye ndugu Saudia, Omani au Qatar anaweza kuifanya. Wachapishaji nao waache kungoja miswada ije kwa bahasha. Waingie kwenye makundi ya WhatsApp, watafute, walipe, wachapishe. Na wewe unayesoma, ukikutana usiku wa leo na hadithi ya msichana wa kazi inayoishia "itaendelea", mtumie shilingi zake hamsini, kisha mwambie aweke nakala mahali pawili.